Kinacholiwa Hori la Mbuzi

Lai Qiumei ndiye mtu pekee kisiwani kwetu Weizhou aliyelipwa mshahara wa kulisha mawe. Hivyo ndivyo tulivyomtania kwenye foleni ya kivuko na nje ya kanisa, naye alishazoea. Watu wa hapa wamekata matumbawe vizazi na vizazi, wakajengea nyumba, kanisa, hata mabanda ya nguruwe. Kwamba jiwe lile lile likiwa hai lina mdomo na linatafuta chakula, wengi tulilisikia kwake kwa mara ya kwanza.

Kituo alichofanyia kazi kilikuwa ghala la zamani la kutia samaki chumvi, chini ya genge la upande wa kaskazini. Chumba cha nyuma kilikuwa na matangi sita, na kila tangi lilikuwa na vipande sita vya tumbawe. Profesa Meng, mama mfupi mwenye haraka, alikuja kila mwezi kutoka mji wa Nanning akakaa siku tatu, akaondoka. Siku zilizobaki matangi yalikuwa mikononi mwa Qiumei, ambaye mumewe alifanya kazi ng'ambo, na mlango ulikuwa mikononi mwa mjomba wake, mzee Qiu Tingfa, mlinzi.

Profesa alitaka kujua jambo moja tu. Ndani ya matumbawe ya kisiwa alikuta kemikali zinazotoka kwenye mafuta machafu ya injini. Ziliingiaje? Mwenyewe alidhani zinapenya kwenye ngozi kutoka majini. Kwa hiyo matangi mawili yakatiwa kemikali kwenye maji, bila chakula. Mawili mengine yakapewa maji safi, lakini uduvi wachanga waliotiwa humo kama chakula walikuwa wamekula mwani uliotiwa kemikali ile ile. Mawili ya mwisho yakapata maji safi na chakula safi. Kila jioni Qiumei alizima taa, akasubiri matumbawe yatoe mikono yao midogo, kisha akadondosha uduvi kwa bomba la sindano, kipande kimoja baada ya kingine. Alifanya hivyo miezi minne bila kukosa siku.

Majibu yalikuja Agosti. Matumbawe yaliyolishwa uduvi wenye sumu yalibeba sumu mara tatu kuliko yale yaliyoogelea ndani yake.

"Ngoja nielewe," alisema Mjomba Tingfa, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Jiwe limeoga sumu miezi minne, haikuingia sana. Limekula mdudu aliyekula jani lililogusa sumu, ndiyo limejaa."

"Ndiyo, mjomba. Kila mdomo unaongeza. Mwani unashika kidogo, uduvi anakula mwani mwingi, tumbawe linakula uduvi wengi. Na halitoi. Linaweka kwenye mafuta ya mwili wake, mpaka kwenye mayai."

"Jiwe lina mafuta!" Mzee alipiga paja. "Nimekata mawe haya miaka kumi na mitano, sikupata hata kijiko cha kukaangia yai."

"Cheka tu. Likipata joto likapauka, ndiyo hali inakuwa mbaya zaidi. Likipauka linapoteza mwani wa mwilini unaolipikia chakula kwa jua, linabaki na mdomo peke yake. Itabidi lile zaidi ili liishi. Na kinachopita mbele yake ndicho hicho hicho. Litakwenda wapi? Halina miguu."

Mjomba hakucheka tena, lakini Qiumei hakuliangalia hilo.

Kazi yake ya pili ilikuwa kuvuta wavu mwembamba kama soksi kwenye sehemu nne za kisiwa, kukusanya vijidudu vya bahari na kuvitia kwenye chupa. Sehemu tatu zilikuwa na kemikali kidogo. Ya nne, ghuba dogo tunaloliita Hori la Mbuzi, ilizishinda zote. Profesa alisema kwa simu kwamba bila shaka ni meli kubwa zinazopita nje na kumwaga uchafu, mkondo unauleta horini. Alitaka sampuli za mwezi mmoja zaidi, kisha aandike.

Kabla ya mwezi kuisha, kikaja kimbunga.

Kivuko kilisimamishwa siku mbili kabla. Profesa alikuwa Nanning. Asubuhi ya siku yenyewe, mbingu zikiwa na rangi ya shaba na upepo bado haujakaza, kaka yake Qiumei alifika kituoni na pikipiki yake ya magurudumu matatu. Yongsheng alikuwa na miaka minane zaidi yake. Baba yao alipofia baharini, Qiumei akiwa na miaka tisa, ni Yongsheng aliyeacha shule, akamlea, akamsuka nywele vibaya mpaka watoto wenzake wakamcheka. Siku hizi alikuwa na kazi ya heshima: alikusanya oili chafu na maji machafu ya ngamani, yale yanayokusanyika chini ya boti, kutoka boti zote za uvuvi na za watalii, akayatia kwenye mapipa ili yapelekwe Beihai, ng'ambo. Kamati ya kijiji ilimpa hati ya shukrani kwa kuilinda bahari. Wifi Fenglian, mkewe, aliitundika juu ya televisheni.

"Mei, panda twende," alisema Yongsheng bila kuzima injini. "Nyumba yangu ina zege. Hii yako ni chumvi na mawe."

"Umeme ukikatika pampu zitasimama, kaka. Bila hewa yatakufa kwa saa chache."

"Na wewe ukikosa hewa? Mawe hayatakulilia."

"Kuna jenereta. Na mjomba yupo."

"Mjomba!" Yongsheng alimgeukia mzee. "Badala ya kumzuia huyu, na wewe unakaa naye! Mna akili moja mnagawana?"

"Nayo leo ni zamu yake," alisema Mjomba Tingfa.

Yongsheng alitikisa kichwa, akamkabidhi dada yake chupa kubwa ya uji moto. "Fenglian amekupikia. Wa minyoo wa mchanga. Ule ukiwa moto." Akaondoka. Kabla ya kona alisimama, akaangalia nyuma, kisha akaendelea.

Saa sita mchana upepo ulifika wenyewe. Sitausimulia; aliyewahi kuusikia anaujua, na asiyewahi, hana cha kuulinganisha. Umeme ulikatika mara moja. Jenereta ilinguruma kwa saa mbili, kisha wimbi likapita juu ya ukuta wa nje likaizima. Qiumei na mjomba wake walikuwa chumba cha matangi waliposikia mlio kama wa gari linalomwaga kokoto. Ukuta wa chumba cha mbele ulikuwa umeangukia kwenye ujia. Mlango wa chumba cha matangi ulifungukia huko nje, na sasa mawe yalikuwa yameulalia. Walisukuma pamoja, mabega mpaka yakauma. Ulisogea upana wa kidole, ukakataa.

Madirisha yalikuwa mawili, madogo, juu karibu na dari, yamefungwa kwa vyuma ili wezi wasiibe pampu. Simu hazikuwa na mtandao. Chini ya mlango maji yalianza kuingia.

"Yanapanda," alisema Qiumei.

"Ni bahari kujaa. Itajaa, kisha itakupwa."

"Ikijaa mpaka wapi?"

Mzee alivua viatu, akavitundika shingoni.

Maji yalifika vifundoni, yakafika magotini, yakasimama hapo. Hewa ilikuwa nzito, ina harufu ya mwani uliooza. Pampu zilikuwa kimya, na kimya hicho kilimtisha Qiumei kuliko upepo. Akachukua jagi, akachota maji ya tangi la kwanza, akayamwaga tena kutoka juu ili yaingie hewa. Akachota, akamwaga. Mjomba akamtazama kwa muda, kisha akachukua kopo la rangi, akashika tangi la nne.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka watutoe."

"Wakichelewa?"

"Tutapokezana. Mmoja alale juu ya meza."

Wakafanya hivyo mchana wote uliobaki, giza likaingia, wakaendelea kwa kupapasa. Kulipopambazuka mikono yao ilikuwa imekunjamana kama ya wafu, na mgongo wa mzee haukunyooka tena. Upepo ulikuwa umepungua, mvua bado. Walipiga kelele kwenye madirisha mpaka sauti zikawakauka. Genge lilikuwa upande mmoja, bahari upande mwingine. Hakuna mtu aliyepita huko hata siku ya jua.

Qiumei aliikumbuka chupa ya uji. Walipanda wote wawili juu ya meza, miguu ikining'inia juu ya maji machafu, wakala kwa zamu kwa kijiko kimoja. Uji ulikuwa umepoa lakini ulikuwa mtamu, minyoo wamekaangwa kwanza kwa tangawizi, wakakatwa vipande vidogo.

"Wifi ana mkono," alisema Qiumei. "Anachimba wapi hawa wanono?"

"Hori la Mbuzi. Siku zote anachimba huko."

Alisema haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kijiko kilikuwa mkononi mwa Qiumei. Macho yake yakaenda kwenye rafu, ambako chupa moja tu ya sampuli ilikuwa imebaki nzima, nyingine zote zimeanguka na kuvunjika. Ilikuwa na karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe: Hori la Mbuzi.

"Mjomba, mahali hapo ndipo penye sumu nyingi kuliko pote. Wale minyoo wanakula tope. Wifi amekuwa akinipikia kila Jumapili, miaka sasa. Itabidi nimwambie." Alikiweka kijiko chini. "Profesa anasema ni meli. Lakini mimi nashindwa kuelewa. Mkondo wa hapa unatoka kusini. Ungeleta uchafu wa meli, ungeuleta upande wa bandari yetu kwanza, si horini."

Mzee alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Mjomba?"

"Usile tena," alisema. "Weka hiyo chupa chini."

"Unajua nini?"

Huko nje kitu cha bati kilikuwa kikigongagonga, kikinyamaza, kikianza tena.

"Hakuna meli," alisema mzee hatimaye. "Ni sisi. Mwaka wa kwanza tulipeleka mapipa Beihai, kweli kabisa, nilikuwa nayo mwenyewe ndani ya kivuko. Kisha kule bandarini wakafunga lile tangi la kupokelea. Wakasema tusubiri. Tukasubiri. Boti hazisubiri, Mei. Kila jioni zinaleta. Ua wa Yongsheng ukajaa, mapipa yakaanza kutu, yakavuja kwenye kisima cha jirani. Siku moja akaniambia, mjomba, tumwage moja tu, lile linalovuja. Tukaliviringisha mpaka hori. Moja tu." Alisugua magoti yake. "Mwezi uliofuata, mawili. Mimi niliacha mwaka uliofuata, mgongo uliponishinda. Yeye hakuacha."

"Miaka mingapi?"

"Sita."

"Wifi anajua?"

"Hajui. Yongsheng anamwambia achimbe upande wa pili wa kisiwa. Hawezi kumwambia kwa nini. Fenglian anasema mume wangu anataka nitembee saa nzima kwa ajili ya minyoo, ana wazimu. Wanagombana. Yongsheng mwenyewe haugusi ule uji. Anasema tumbo linamsumbua."

Qiumei alishuka mezani, akaingia ndani ya maji. Alikwenda mlangoni, akausukuma kwa mikono yote miwili, kwa bega, kwa kichwa. Alisukuma hata baada ya kujua kwamba hausogei. Hakutaka kutoka ili aende popote. Alitaka tu asiwe ndani ya chumba kile na maneno yale. Mjomba alimwacha. Alipochoka alirudi kwenye tangi la kwanza, akachukua jagi. Akachota, akamwaga. Hakukuwa na kingine cha kufanya.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza bila kugeuka.

"Nilidhani tutafia humu," alisema mzee. "Nikaona nisife na hilo."

Hawakufia humo. Muda mfupi kabla ya adhuhuri walisikia chuma kikipiga mawe, kisha sauti ikiita jina lake, imepasuka kwa kuita. Ilikuwa Yongsheng. Barabara ya juu ilikuwa imekatika, kwa hiyo alishuka genge kwa kamba, peke yake, na mtaimbo mgongoni. Alifukua ujia ule kwa karibu saa mbili. Walimsikia akihema, akitukana, akihesabu mawe kwa sauti ili ajipe moyo. Jiwe moja la juu liliteleza likampiga mguu. Wakasikia yowe, kisha kimya.

"Kaka!"

"Nipo," alisema. "Sukumeni sasa. Sukumeni!"

Mlango ulipofunguka, alikuwa amepiga goti ndani ya kifusi, uso mweupe kwa vumbi la chokaa, kiatu cha kushoto kimejaa damu. Alimshika dada yake mabega, akamkagua kama mama anavyomkagua mtoto aliyeanguka mtini.

"Umeumia? Sema basi. Na mawe yako? Yamekufa?"

Qiumei alikitazama kile kiatu chenye damu. Yongsheng akadhani ni woga, akamvua koti lililoloa, akamvika fulana yake mwenyewe, akamwambia imekwisha, imekwisha, usilie. Nyuma yao Mjomba Tingfa alisimama na viatu vyake shingoni, akiangalia chini.

Zahanati ilimkata Yongsheng vidole viwili vya mguu.

Kisiwa kilikaa siku tano bila umeme wala kivuko. Qiumei alipata pampu mbili za mkono kutoka kwa wauza samaki hai, akazipokezana kati ya matangi sita. Vipande kumi na saba vilikuwa vimekufa, na vilivyobaki vilipauka. Alikuwa amebakiwa na kopo moja la mayai ya uduvi lililofungwa vizuri. Akayaangua, akalisha matangi yote chakula kile kile safi, akajua kwamba jaribio limeharibika na hakujali. Siku ya tatu alimaliza kazi mapema, akaenda kwa kaka yake.

Yongsheng alikuwa amelala kwenye kiti cha kamba ukumbini, mguu juu ya stuli. Fenglian alikuwa sokoni. Ukutani, juu ya televisheni, ile hati ilikuwa imelowa pembe moja.

"Mjomba ameniambia," alisema Qiumei. Alikuwa amejipanga kusema mengine kwanza.

Yongsheng hakuuliza nini. "Mzee yule hawezi kufungiwa hata siku moja," alisema.

"Miaka sita, kaka."

"Sasa ungefanya nini wewe uliyesoma? Niambie. Bandarini wanataka kibali ndipo wapokee mapipa. Nikienda kwenye ofisi ya kibali, wanataka karatasi ya bandari kwamba mapipa yamepokewa. Nimekwenda mara tisa. Kivuko hakitaki kuyabeba bila kibali. Nikiacha kazi, kila boti itamwaga pale ilipo, mbele ya watalii, mbele ya watoto wanaoogelea. Mimi angalau nilichagua mahali pamoja."

"Umechagua mahali mkeo anapochimba."

"Mke wangu alichagua! Mimi nilimkataza!" Aliinua mkono, akaushusha. Sauti yake ilipungua. "Kila Jumapili nikimwona anakufungia ule uji, Mei, unadhani nilikuwa nalala? Ningemwambiaje? Fenglian akijua saa nne asubuhi, saa tano kanisa zima linajua."

"Asubuhi ile uliniletea mwenyewe. Siku ya kimbunga. Kwa mikono yako."

Nje kuku walikuwa wakichakura chini ya mapipa. Qiumei aliyaona kupitia mlango wa nyuma, yamepangwa safu mbili, buluu, yamefunikwa turubai. Alikuwa ameyaona kila mara alipokuja na hakuwahi kuyatazama.

"Andika ni meli," alisema Yongsheng. "Profesa mwenyewe amesema ni meli. Wewe huna haja ya kusema uongo, unyamaze tu. Chupa zimevunjika zote, sivyo?"

"Imebaki moja."

"Moja." Alicheka kidogo bila furaha. "Nimekutoa kaburini kwa mikono hii."

"Najua."

"Basi?"

Qiumei aliinuka, akamrekebishia stuli chini ya mguu, maana ilikuwa imekaa upande. Mlangoni alisema, "Kivuko kikirudi, profesa atakuja nacho. Njoo useme wewe. Ukisema wewe itakuwa jambo la mtu aliyekwama. Nikisema mimi itakuwa jambo la mhalifu."

Kivuko kilirudi siku ya sita. Siku zile tatu Qiumei alikuwa akizunguka kisiwa kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Unaweza kukizunguka chote kwa miguu kabla ya chakula cha mchana, kisha uko pale pale ulipoanzia. Alifikiria kuivunja ile chupa. Aliishika mara mbili. Alifikiria kumfuata mumewe, aliyekuwa fundi wa meli Beihai, apange chumba huko na asirudi. Lakini matangi yalimngoja jioni, naye akarudi kila jioni.

Profesa Meng aliingia kituoni na viatu vya mpira, akaanza kuuliza maswali kabla ya kukaa. Vipande vingapi vimekufa? Joto la maji lilifika ngapi? Na sampuli za horini? Qiumei alikuwa bado anatafuta neno la kwanza, Mjomba Tingfa akaingia. Alikuwa amevaa shati jeupe la Pasaka, limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Profesa," alisema, "mafuta ya Hori la Mbuzi si ya meli. Nimeyamwaga mimi. Nilikuwa namsaidia mpwa wangu kukusanya oili chafu, akinituma nipeleke mapipa bandarini, mimi nikayaviringisha mpaka hori. Nilikuwa mvivu. Yeye hajui. Hakuna anayejua. Mimi peke yangu."

Profesa alimtazama mzee yule aliyepinda mgongo. Kisha akamtazama Qiumei, aseme kama ni kweli.

Na hapo Qiumei akamwona kaka yake. Alikuwa amesimama kwenye ujia, nje ya mlango, anaegemea gongo, jasho likimtiririka kwa kushuka genge. Kumbe alikuja. Qiumei alimngoja. Alimwangalia machoni, akamngoja kama alivyomngoja alipokuwa mtoto nje ya geti la shule, jua likishuka, akiwa na hakika kwamba atatokea. Yongsheng alifungua mdomo. Alimtazama mjomba na shati lake jeupe. Akaufunga.

Qiumei akamgeukia profesa.

"Mjomba amesema nusu," alisema Qiumei. "Aliacha miaka mitano iliyopita. Na aliyebaki si mvivu. Amekosa pa kuyapeleka mapipa." Kisha akalitaja jina la kaka yake.

Alisikia gongo likigeuka kwenye ujia, likaondoka taratibu juu ya mawe.

Mengine yote yalikwenda haraka. Maofisa walikuja kutoka Beihai wakazungushia hori kamba nyekundu: hakuna kuchimba minyoo, hakuna kuokota konokono, hakuna kuoga. Kaya ishirini na mbili zilikuwa zikila kutokana na hori lile. Yongsheng alipigwa faini, akanyang'anywa kazi, na ile hati ikadaiwa irudishwe. Fenglian aliipeleka mwenyewe, akaitupa mezani kwa kamati bila kusalimia. Mjomba Tingfa alifukuzwa kazi ya ulinzi. Kanisani wanawake waliacha nafasi pande zote mbili za Qiumei kwenye benchi. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Muuza mboga alimhudumia wa mwisho na kumrudishia chenji bila kumtazama. Ukitaka kumkwepa mtu kisiwani kwetu, huwezi. Unakutana naye kwenye kona ile ile kila siku, na ninyi wawili mnajifunza kutazama bahari.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa walioacha nafasi. Nilikuwa nikiuza konokono wa hori lile. Ndiyo maana nayasema haya sasa, baada ya yeye kunisimulia jinsi ilivyokuwa ndani ya chumba kile.

Mapipa ndiyo yaliyochelewa. Kibali kilitoka mwezi wa nne mwaka uliofuata, baada ya profesa kuandika barua ambazo hata yeye alisema amesahau idadi. Kwa siku tatu kivuko cha mizigo kilikuja kuyachukua, na mtu wa kuyaviringisha alikuwa Yongsheng yule yule, kwa ujira wa kibarua, akichechemea. Siku ya tatu, kazi ilipokwisha, alishuka mpaka kituoni. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Yale yako," alisema. "Yalipona mangapi?"

"Kumi na tisa."

"Na ya horini?"

Qiumei alikuwa ameshika bomba la sindano, limejaa uduvi wanaocheza. "Bado, kaka. Tope limeshika. Vijidudu vinatoka kwenye tope, na matumbawe yanavila. Profesa anasema hata isipoongezwa tone moja, itachukua miaka mingi."

"Hakuna namna ya kuyahamisha?"

"Yameota pale."

Yongsheng alitikisa kichwa polepole. Alionekana kutaka kuuliza kitu kingine, labda kuhusu tumbo la mkewe, labda kuhusu la dada yake, maana wote wawili walikuwa wamepimwa zahanati na majibu hayakuwa yamerudi. Badala yake aligeuka, akaanza kupanda genge, akipumzika kila hatua kumi.

Qiumei akazima taa, akasubiri matumbawe yatoe mikono.